Barua ya wazi kwa wanaotia saini vibali vya hoteli za pwani

Waheshimiwa,

Nawaandikia ninyi mnaotia saini vibali vya hoteli katika miji ya pwani inayoishi kwa wageni, ninyi mnaogawa fedha za maji na usafi, na ninyi mliokabidhiwa hifadhi za bahari. Nimeandika barua moja kwa wote kwa sababu kila ofisi niliyowahi kuiendea kwa jambo hili ilinielekeza kwenye nyingine.

Miaka mingi nilikuwa fundi wa zamu kwenye mtambo wa kusafisha majitaka katika mji wa namna hiyo. Si kazi ya kujitambulisha nayo harusini. Kila asubuhi, kabla ya kukagua pampu hata moja, nilichota lita moja ya maji ya rangi ya udongo kutoka kwenye tangi la kupulizia hewa, nikayamimina kwenye silinda ya kioo yenye mistari ya vipimo, nikaiweka mezani na kutazama saa. Dakika 30. Mtambo ukiwa na afya, tope hushikana madonge madonge na kuzama pole pole, na juu yake hubaki maji ambayo unaweza kusomea mistari ya upande wa pili. Mtambo ukiwa mgonjwa, tope halishuki. Linaning'inia katikati kama ukungu, na fundi anajua, kabla maabara haijafunguliwa, ni kitu gani kinakwenda baharini siku hiyo.

Silinda yangu iliugua kila mwaka, na karibu kila mara ilikuwa ndani ya majuma yale yale: hoteli zilipojaa.

Ombi langu kwenu ni moja. Kitanda kipya cha mgeni kisipewe kibali mpaka nafasi yake ipatikane kwenye mtambo, na nafasi hiyo ipimwe kwa wiki yenye wageni wengi kuliko zote, wala si kwa wastani wa mwaka. Nikizunguka humu ndani mnivumilie, kote nakozunguka narudi hapo.

Kosa linaanzia kwenye hesabu. Chukueni mji wa mfano wenye wakazi 20,000. Kwa miezi minane una wageni 5,000 kwa siku. Miezi minne iliyobaki wanakuwa 40,000. Mtaalamu mshauri akijumlisha na kugawanya kwa kumi na mbili anapata mji wa watu wasiofika 37,000, anachora mtambo wa kiasi hicho, na mchoro unapita. Kwa miezi minane mtambo huo utafaulu kila ukaguzi. Kwa miezi minne utabeba watu 60,000, yaani zaidi ya 20,000 ambao hakuna aliyewapangia. Hapo bado sijahesabu kwamba mgeni wa hoteli hutumia maji mengi kuliko mwenyeji wake: mashuka yanafuliwa kila siku, bwawa la kuogelea linajazwa, bustani inamwagiliwa, bafu linafunguliwa mara tatu.

Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1991 kuhusu majitaka ya mijini iliuona mtego huu mapema. Ilimfanya mtu mmoja kuwa kipimo, ikasema mtu huyo ni uchafu unaohitaji gramu 60 za oksijeni kwa siku ili uozeshwe. Kisha ikaagiza mzigo wa mtambo uhesabiwe kwa wiki yenye wastani mkubwa kuliko zote katika mwaka, mvua kubwa zisizo za kawaida zikiwekwa kando. Waliandika wiki. Nchi zao zina miji mingi inayolala miezi tisa na kuamka kiangazi, kwa hiyo nadhani walijua wanachokisema. Kanuni hiyo mnaweza kuichukua kesho asubuhi bila kuomba mkopo kwa yeyote.

Kwa nini wiki chache ziwe na uzito kiasi hicho? Kwa sababu ndani ya tangi wafanyakazi wenyewe ni bakteria. Mashine kazi yake ni kuwapulizia hewa tu. Njia hii ilitangazwa Manchester, Uingereza, mwaka 1914, na mpaka leo kiini chake ni kile kile. Wapo bakteria wanaokula uchafu wa kawaida, hao huongezeka kwa saa. Wapo wengine wanaoigeuza amonia itokanayo na mkojo kuwa naitreti, na hao ni wazito wa kuzaliana kupita kiasi. Ukiwaua leo unasubiri majuma kadhaa warudi, na huwezi kuwahimiza. Kwa hiyo mtambo wa mji wa utalii hutakiwa kuandaliwa kabla ya msimu kama timu inavyoandaliwa kabla ya mashindano: tope, ambalo ndilo makundi ya bakteria hao, liongezwe mapema, mashine zote za hewa ziwe zinafanya kazi pamoja na ya akiba, mikanda iwe stoo. Mwaka mmoja tuliomba fedha za kuitengeneza mashine ya pili ya hewa miezi mitano kabla ya wageni. Zilifika wageni walipokwisha kuondoka. Hakuna aliyeiba chochote, karatasi tu zilikuwa zinatembea kwa mwendo wake.

Kulikuwa na siku nyingine silinda ilinionyesha ukungu bila sababu yoyote. Hewa ilikuwepo, umeme ulikuwepo, wageni hawakuwa wengi. Tukatoka na mwenzangu tukafuata bomba kurudi nyuma, chemba baada ya chemba, tukifunua mifuniko na kunusa. Kwenye chemba ya saba harufu ya klorini ilitupiga usoni. Hoteli moja ilikuwa imefanya usafi wa bwawa lake usiku na kumwaga maji yote, dawa na kila kitu, kwenye mfumo wa majitaka. Ilituchukua karibu mwezi kurudi tulipokuwa. Faini haikuwepo kwa sababu kibali cha hoteli hiyo hakikuwa na sentensi hata moja juu ya maji ya bwawa. Ni mstari mmoja tu, waheshimiwa. Uongezwe. Na mkiwa hapo hapo ongezeni wa pili kuhusu mtego wa mafuta wa jikoni, kwa sababu mafuta ya kukaangia yakipoa ndani ya bomba na kukutana na vitambaa vya kujifutia wanavyotupa chooni, yanaganda kama jiwe. Mwaka 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel jijini London, walikuta donge la namna hiyo lenye urefu wa mita 250.

Sasa nije kwenye bahari, ambako wengi wenu mnafikiri kazi yangu ilikuwa imeshakwisha.

Maji yanayotoka mtamboni yanaweza kuonekana safi na bado yakawa yamebeba mzigo. Mtu mzima hutoa takribani kilo 4 hadi 5 za naitrojeni kwa mwaka, nyingi zikiwa kwenye mkojo. Mtambo wa kawaida wa hatua mbili unaondoa takataka, unaondoa tope, unaondoa sehemu kubwa ya kile kinachooza na kunuka. Naitrojeni nyingi inaupita kama mtu mwenye tiketi. Kuiondoa kunataka hatua ya ziada: baada ya hewa, maji yapelekwe mahali pasipo na hewa, bakteria wa aina nyingine waigeuze naitreti kuwa gesi ipae zake. Huko ndiko wabunifu hupunguza gharama kwanza, kwa sababu mgeni aliyesimama ufukweni haoni tofauti.

Matumbawe yanaiona. Yanastawi kwenye maji yenye njaa, na ule uangavu unaopigwa picha kwa ajili ya matangazo ya hoteli ni njaa hiyo hiyo: hakuna chakula cha kulisha mwani, kwa hiyo maji yanabaki wazi. Ukiyalisha kwa naitrojeni, mwani unakuja, unayafunika matumbawe na kuyanyima mwanga. Katika Ghuba ya Kaneohe huko Hawaii, majitaka yaliingizwa ghubani kwa miaka mingi mpaka mwani wa kijani ukatanda juu ya matumbawe. Mwaka 1977 na 1978 mabomba yalihamishiwa bahari kuu, na ndani ya miaka michache mwani ukapungua na matumbawe yakaanza kurudi. Siwashawishi muhamishe bomba na kunawa mikono. Nawaonyesha tu kwamba ugonjwa una chanzo kinachofungika.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Ghuba ya Tampa, Florida, kwa sababu huko waliipunguza naitrojeni yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walijenga usafishaji wa hatua ya juu. Mwaka 1982 nyasi bahari za ghuba hiyo zilikuwa zimebaki kiasi cha hekta 8,800. Kufikia 2016 zilizidi hekta 16,000. Tangu hapo zimepungua tena, na sitawaficha hilo, maana linaonyesha kuwa bahari haisamehi deni moja kwa moja, unalilipa kila mwaka. Lakini miaka zaidi ya thelathini ya kuongezeka kwa nyasi katika ghuba iliyozungukwa na miji mikubwa si jambo dogo. Samaki wachanga hulelewa kwenye nyasi hizo.

Na naitrojeni siyo peke yake. Mwaka 2011 watafiti waliofanya kazi kwenye visiwa vya Florida Keys walithibitisha kwamba bakteria aitwaye Serratia marcescens, aliyetoka kwenye majitaka ya binadamu, ndiye aliyekuwa akiwatia matumbawe ya pembe ugonjwa wa madoa meupe unaoyaua. Tumezoea kusikia wanyama wakituambukiza sisi. Pale mwanadamu alimwambukiza jiwe linaloishi.

Ndugu zangu wa hifadhi za bahari, hapa nitasema wazi na mkinikasirikia nitaelewa. Mnaweka maboya, mnanunua boti ya doria, mnachora mstari kwenye ramani. Mvuvi akikutwa ndani ya mstari na wavu wenye macho madogo, wavu unachomwa na yeye anakwenda mahakamani. Mimi nakubali sheria hiyo. Lakini mita mia tatu kutoka kwenye boya lile lile lipo bomba linaloingiza majitaka usiku na mchana, na halijawahi kusimamishwa kizimbani. Wavuvi wanalijua bomba hilo, wanajua hata maji yake yanaelekea wapi wakati wa kupwa. Mkitaka wawaheshimu, ofisi ya hifadhi iwe na kiti na kura pale kibali cha hoteli kinapojadiliwa. Kama kura haiwezekani, basi angalau barua yenu ya pingamizi isomwe kwa sauti kabla ya saini.

Tatizo la mtambo mdogo ni la wale waliounganishwa. Hoteli nyingi hazijaunganishwa kabisa. Zina mashimo na makaro, na pwani nyingi za matumbawe zina mwamba wenye matundu kama sifongo. Shimo la kufyonza kwenye mwamba huo halifyonzi kitu, linachelewesha tu. Kinachoingia kwenye shimo la chumba cha mbele kinaweza kutokea ufukweni chini ya viti vya wageni, na mwenye hoteli akaapa kwa haki kabisa kwamba yeye hana bomba la baharini. Kisha kuna magari ya kunyonya. Gari linapoondoka na tope la karo, nani anaandika lilipolimwaga? Mpeni kila dereva stakabadhi ya sehemu mbili, moja ya hotelini, moja ya mtamboni, na malipo yafanyike zikikutana. Ni jambo dogo lakini linazuia safari nyingi za usiku.

Nchini Ufilipino walisubiri mpaka wakafika mwisho wa njia. Mwezi Aprili 2018 serikali ilikifunga kisiwa cha Boracay kwa wageni kwa miezi sita, baada ya Rais Rodrigo Duterte kukifananisha hadharani na shimo la choo. Kisiwa chenye eneo la takribani kilomita za mraba 10, kilichojulikana dunia nzima kwa mchanga wake mweupe, kikabaki na mafundi wa mabomba na askari. Waliokuwa wakiishi kwa kazi za hoteli walikaa bila kipato. Kilipofunguliwa Oktoba kiliwekewa kikomo: wageni 19,215 kwa wakati mmoja, na wasiozidi 6,405 wanaoingia kwa siku. Ninachowaomba mimi ni hicho hicho kikomo, ila kikija kabla ya kufunga.

Kuna mambo mawili ya mafundi ambayo hamtayakuta kwenye ripoti za washauri, niyataje haraka. La kwanza ni maji ya chumvi. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa kuliko kawaida, bahari inaingia kwenye mabomba yaliyopasuka karibu na ufukwe, na mtambo unapokea maji mengi ambayo hayakutoka kwa mtu yeyote. Mtambo uliokwisha kuelemewa na wageni ukipokea na bamvua, tope lote linasombwa na kutoka nje. Zibeni mabomba ya zamani kabla ya kujenga tangi jipya, mtapata nafasi ya bure. La pili ni la uhai. Maji hayo ya chumvi, joto likiwepo, huzalisha ile gesi ya mayai viza ndani ya mabomba. Inakula zege, na ikizidi inazima pua. Kijana anaingia chemba, anadhani harufu imekwisha, kumbe ndiyo imemshika. Asishuke mtu bila kipima gesi, bila kamba na bila mwenzake juu. Hoteli zinawatuma vibarua wa siku kufanya kazi hiyo kwa ndoo.

Boti za wageni pia zina vyoo. Mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi unaofanywa na meli unataka majitaka yasiyosafishwa yamwagwe zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu, lakini unazihusu meli kubwa na zile zilizosajiliwa kubeba watu zaidi ya 15. Boti ndogo za kupeleka wageni kuzamia ni zenu. Wekeni pampu ya kupokelea bandarini, tena bila ada, kwa sababu ukitoza ada watayamwaga majitaka njiani.

Nirudi kwenye vipimo, maana hapo ndipo nilipochoshwa kuliko mahali pengine. Sampuli ilichukuliwa mara moja kwa mwezi, saa nne asubuhi, chupa moja, na mkaguzi alipiga simu siku moja kabla. Saa nne wageni wako ufukweni. Mzigo mzito unafika wakishaoga jioni na tena wakiamka alfajiri. Mkaguzi hakutaka kudanganya na sisi hatukutaka kudanganya, ila kila mtu alijua chupa ya saa nne itasema nini. Wekeni kifaa kinachochota kidogo kidogo kwa saa 24 na kuchanganya, na kifanye kazi katika wiki ya wageni wengi. Kisha bandikeni majibu. Yabandikwe mlangoni mwa ofisi ya mji na ufukweni, siku yanapotoka, yakiwa mazuri au mabaya. Kwa maji ya kuogelea baharini, Umoja wa Ulaya hauiti ufukwe bora kabisa kama bakteria wa kinyesi aina ya enterokoki wanazidi 100 katika mililita 100. Si lazima mchukue namba hiyo. Chukueni namba fulani, kisha msiibadilishe msimu ukikaribia.

Mtasema fedha. Najua fedha hutafutwa kwa ajili ya kujenga, kwa sababu kujenga kuna utepe wa kukata. Hakuna utepe wa mkanda wa mashine wala wa bili ya umeme. Nimeona mtambo mzuri ukifa miaka minne baada ya kuzinduliwa, jina la mgeni rasmi likiwa bado linang'aa kwenye jiwe la msingi, kwa kukosa vipuri vya pampu mbili. Pale ardhi ipo na jua lipo, mabwawa ya wazi yanayosafisha kwa mwani na muda yanaweza kufaa kuliko mtambo wa umeme, na msione haya kuyachagua. Pale mtambo umeshajengwa, sehemu ya tozo anayolipa mgeni kwa kila usiku iwekwe kwenye akaunti inayolipa umeme, vipuri na mishahara ya mafundi, na isiguswe kwa jambo jingine. Mgeni ameshailipa tayari. Anadhani anaulipia ufukwe.

Najua mezani kwenu sasa hivi kuna maombi ya vibali yanayosubiri. Kabla ya kusaini linalofuata, muulizeni mkuu wa mtambo kwa maandishi: wiki yenye wageni wengi mwaka uliopita ulipokea watu wangapi, na umejengwa kwa ajili ya wangapi? Jibu lake liambatishwe kwenye faili. Kama namba ya kwanza inaizidi ya pili, faili lisubiri.

Na msimu ujao, siku ambayo vyumba vyote vimejaa, njooni mtamboni saa kumi na mbili na nusu asubuhi bila kupiga simu. Ombeni silinda. Mtapewa kiti cha plastiki na saa iko ukutani. Vaeni viatu vya kufunika vidole.

Wenu,
Fundi wa zamu, sasa mstaafu